Sura ya Nne: Mkono wa Mtu

Ugonjwa unapoingia katika nyumba ya mke na mume, mara nyingi swali la dawa hutanguliwa na swali jingine: nani kauleta? Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama na vijiji vya Shinyanga hadi Geita, swali hili lina uzito wa pekee, maana magonjwa yanayozipata ndoa za huku ni ya aina inayoalika tuhuma. Mume anashuka duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, Mwakitolyo au Nyarugusu na kuvuta vumbi la mawe kwa miaka, kisha anaanza kukohoa na kukonda. Mke anaponda mawe na kuosha mchanga mwaloni, anashika zebaki kwa mikono mitupu, na baadaye mikono ile inaanza kutetemeka. Mmoja anapimwa kliniki na kukutwa na virusi vya UKIMWI, mwenzake bado hajapimwa. Kila hali kati ya hizi ina sababu inayojulikana, lakini hakuna inayojionyesha kwa macho siku inapoingia mwilini. Kati ya siku hiyo na siku ya kuugua hupita muda mrefu, na muda huo usio na maelezo hujazwa na shuku. Watu husema ugonjwa huu una mkono wa mtu. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba shukrani, kwa wanandoa wanaougua, ni kazi ya kulibadilisha swali hilo: kuacha kumsaka aliyetuletea, na kuanza kuwahesabu waliotushika mkono na kutazama la kufanya leo. Imani, kwa maana ninayoitetea hapa, ndiyo inayowapa watu wawili nguvu ya kuishi bila jibu la swali la kwanza.

Tuanze na vumbi. Dhahabu ya ukanda huu imefungwa ndani ya mwamba mgumu wenye silika, na mwamba huo ukitobolewa au kusagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, hutoa vumbi laini kuliko unga. Likifika ndani kabisa ya mapafu, halitoki. Mwili hulizungushia makovu, na makovu yakizidi, pumzi hupungua. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine, hasa kama kinga ya mwili imeshushwa na VVU. Zebaki nayo ina njia yake. Mchimbaji huitumia kuinasa dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi na kudhuru mishipa ya fahamu. Utafiti wa Stephan Bose-O'Reilly na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, uliwapima watu wa machimbo ya Rwamgasa mkoani Geita na kuzikuta dalili za sumu ya zebaki kwa sehemu ya wale waliokuwa wakiichoma. Familia isiyoyajua haya humwona baba mwenye nguvu akikauka bila sababu, humwona mama akitetemeka, na hukumu hutolewa kabla mgonjwa hajafika zahanati.

VVU huipima ndoa kwa namna nyingine. Virusi huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Kipimo husema nani anavyo leo. Hakisemi viliingia lini, wala vilitoka kwa nani. Mwanamke huwahi kupimwa kwa sababu akipata ujauzito huenda kliniki, na kipimo ni sehemu ya huduma ya huko. Kwa hiyo mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua, na aliyetangulia kujua hugeuzwa kuwa ndiye aliyetangulia kuleta. Katika maeneo ya machimbo, ambako wanaume huhamahama kufuata rashi, yaani machimbo mapya yanayokimbiliwa, na kulala mbali na nyumbani kwa miezi, hesabu ya nani alianza haiwezi kufungwa kwa haki na mtu yeyote aliyekaa sebuleni akiwa na hasira. Ndoa nyingi huvunjika juu ya swali ambalo hata maabara haiwezi kulijibu, na baada ya kuvunjika, wagonjwa huwa wawili walewale, kila mmoja akiugua peke yake.

Tunaijua gharama ya swali hilo likitoka ndani ya nyumba na kuingia kijijini. Kwa hesabu alizochapisha mwanazuoni Simeon Mesaki, kati ya miaka ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani. Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Wilaya ya Meatu, iliyokuwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na mwaka 2005 akachapisha alichokikuta: katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya waliodaiwa kuwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka ya mvua za kawaida, huku mauaji ya aina nyingine yakibaki palepale. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na wauaji kwa kawaida walikuwa ndugu zao. Macho mekundu yaliyohesabiwa kuwa alama ya uchawi mara nyingi yalikuwa macho ya bibi aliyepika maisha yake yote kwa moshi wa mabua na kinyesi cha ng'ombe, katika nchi iliyokuwa imekwisha miti. Njaa ililetwa na mvua, lakini kisasi kilimwangukia mama mkwe.

Machimbo yaliongeza sura mpya kwenye jambo hilohilo. Mahali ambapo mmoja anachimba miaka kumi bila kitu na jirani yake anapata mfuko wa mawe yenye dhahabu kwa wiki moja, watu huamini kwa wepesi kwamba bahati hununuliwa na mkosi hutumwa. Mwaka 2010 Deborah Bryceson, Jesper Jønsson na Richard Sherrington waliandika jinsi kiu hiyo ya bahati, ikichochewa na waganga, ilivyohusiana na mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa. Serikali ilikuwa imekwisha kushtuka, na Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Ninayataja haya katika sura inayohusu shukrani kwa sababu mzizi ni mmoja. Mtu anayeamini kwamba kila jema lina bei ya siri na kila baya lina mtumaji, hana pa kuiweka shukrani. Chakula alichopikiwa na mkewe leo hakioni, kwa kuwa macho yake yako kwa adui asiyemjua. Dawa aliyopewa bure haihesabu kuwa jema, kwa kuwa haijamwambia nani alimtenda.

Dini zinazofuatwa na watu wengi wa ukanda huu zina neno la kusema hapa, na neno lao ni kali kuliko tunavyolihubiri. Katika Injili ya Yohana wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na wanauliza swali letu lilelile: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu anakataa majibu yote mawili, kisha anafanya kazi ya kumponya. Katika habari za Ayubu, marafiki wanakaa naye siku saba kimya, na wanapoanza kusema wanatafuta kosa lake. Mwishoni Mungu anawakemea hao watafuta sababu, wala hamlaani mgonjwa aliyelia na kulalamika. Waislamu nao wanamjua Ayubu kwa subira yake, na Kurani inamsifu kuwa mja mwema aliyerejea kwa Mola wake. Kwa hiyo muumini anayefika kanisani au msikitini akitaka kutajiwa aliyemroga anaiomba dini yake kitu ambacho misingi yake imekikataa. Imani ya Ayubu haikumpa maelezo ya msiba wake. Ilimpa uwezo wa kubaki katika mazungumzo na Mungu bila maelezo, na uwezo huohuo ndio mke na mume wanaouhitaji ili wabaki katika mazungumzo wao kwa wao.

Shukrani basi ni nini, ikiwa hatutaki ibaki neno la kusemwa kwenye ibada na kusahaulika mlangoni? Wafugaji wa Shinyanga wana desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua, majani yakiwa mengi, ili ng'ombe wawe na pa kula kiangazi. Desturi hiyo ilipodhoofika ardhi ilibaki tupu, na mradi wa hifadhi ya ardhi uliojulikana kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu uliwarudisha watu kwenye jambo walilolijua. Shukrani katika ndoa hufanya kazi kama ngitili. Wema mdogo wa kila siku hutambuliwa, hutamkwa na kutunzwa wakati bado upo, ili siku ya homa, ya kukosa nauli na ya maneno makali, wawili hao wawe na akiba ya kula. Asiyeitunza huingia kiangazi mikono mitupu, naye hujikuta akikumbuka makosa tu, kwa sababu makosa hayahitaji kutunzwa ili yakumbukwe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio matatu huko Marekani, na katika jaribio la tatu walifanya kazi na watu wenye magonjwa ya mishipa ya fahamu na misuli, magonjwa yasiyotarajiwa kupona. Waliotakiwa kuandika kila siku kwa siku 21 mambo waliyoyashukuru walijisikia vizuri zaidi, waliridhika zaidi na maisha na walilala zaidi kuliko wenzao wasioandika. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba watu waliokuwa karibu nao, wakiwemo wenzi wao, nao waliiona tofauti. Miaka saba baadaye Sara Algoe na wenzake waliwafuatilia wapenzi wanaoishi pamoja na kukuta kwamba siku mtu alipoishukuru huduma ndogo ya mwenzake, siku iliyofuata uhusiano wao ulikuwa umeimarika. Huduma zenyewe zilikuwa za kawaida. Katika nyumba ya Kahama au Katoro zingekuwa hizi: amekuwekea maji ya kuoga, amekukumbusha dawa ya saa mbili usiku, amekubakishia michembe, ameacha kazi ya siku nzima akusindikize hospitali.

Msomaji makini atasema kwamba matokeo haya ni madogo. Ni kweli, na sitayakuza. Uchambuzi wa David Cregg na Jennifer Cheavens, uliokusanya tafiti nyingi za mazoezi ya kushukuru, ulikuta kwamba mazoezi hayo hupunguza sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu, na waandishi wakashauri kwamba mwenye sonona atafute tiba iliyothibitishwa. Nakubaliana nao. Mtu asiambiwe kwamba atapona akishukuru, wala mwenye huzuni nzito asiambiwe kwamba tatizo lake ni utovu wa shukrani. Faida ninayoisemea iko mahali pengine. Kwa magonjwa ya ukanda huu, kitu kinachoamua nani ataishi na nani atakufa mara nyingi ni kama watu wawili wanaweza kwenda kliniki pamoja na kurudi wakizungumza. Shukrani haiui kimelea chochote. Huulinda uaminifu ambao dawa huhitaji ili ifanye kazi yake.

Kwa hilo ushahidi si mdogo hata kidogo, na sehemu yake imetoka hapahapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo ulijumuisha Wilaya ya Geita, watafiti waliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati za vijijini, pamoja na kuhimiza wenzi wa wagonjwa nao watibiwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: katika jamii zilizopata huduma hiyo maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko katika jamii zilizolinganishwa nazo. Mwaka 2011 ukafuata utafiti wa jozi 1,763 za wenzi katika nchi tisa, Kisumu ikiwa miongoni mwa vituo vyake, ambamo mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Mwenye virusi alipoanza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake ilipungua kwa asilimia 96. Kifua kikuu nacho hutibiwa kwa dawa za bure kwa miezi sita, na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977, humpa mgonjwa nafasi ya kumezea dawa nyumbani akisimamiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mke au mume. Tiba zote hizi zinadai ukweli kati ya wawili, na ukweli hausemwi katika nyumba ambayo kila neno litatumika kama ushahidi wa mashitaka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi huyaficha maradhi yao kwa kuiogopa hukumu inayowangoja nyumbani kuliko wanavyouogopa ugonjwa wenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: imani imewahi kuwaua watu kwa kuwaachisha dawa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kuponya UKIMWI, kisukari na saratani. Wako walioziacha dawa zao baada ya kunywa. Siwezi kulitetea hilo, na sidhani kwamba imani inahitaji kutetewa kwa kulificha. Naona tu kwamba imani ya kikombe na imani ya kushukuru hutembea njia mbili tofauti. Ya kwanza inataka jibu la mara moja, linalofuta historia yote ya ugonjwa na kumwondolea mtu wajibu wa kesho. Ya pili inapokea msaada kama ulivyo, ukiwa umetoka kwa Mungu kupitia mikono ya wauguzi na wafamasia na kupitia kodi za Watanzania, na inauheshimu msaada huo kwa kuutumia. Muumini anayemshukuru Mungu kwa vidonge kisha akavimeza kila siku ana imani iliyo kamili kuliko anayevitupa ili kumwonyesha Mungu kwamba anamwamini.

Wapo pia watakaosema kwamba kuwahubiria shukrani watu wa machimbo ni kuwafunga midomo. Dhahabu ya Geita na Bulyanhulu inauzwa duniani tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na mchimbaji mdogo bado anavuta vumbi bila kinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ni wa walio kwenye ajira. Anayechimba kwa mgao wa mawe, bila mkataba, kwa kawaida hubaki nje. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na zebaki ingali inachomwa. Yote haya ni kweli, nami nasema shukrani ya kweli huyaona vizuri zaidi. Anayejua kuhesabu alichopewa, na aliyempa, hujua pia alichonyimwa na aliyemnyima. Kumsaka mchawi ndiko kunakomwacha mwenye karasha asiyemwaga maji kwenye vumbi alale salama, kwa sababu lawama zote zimekwenda kwa bibi kizee wa jirani. Familia inayojua kwamba baba anakohoa kwa sababu ya silika inaweza kudai mawe yaloweshwe kabla ya kusagwa, inaweza kuzuia zebaki isichomwe jikoni, inaweza kumkatalia kijana wao kushuka bila kinga. Tuhuma za uchawi hazijawahi kuleta hata pampu moja ya maji kwenye machimbo.

Limebaki pingamizi la wanawake, na ni haki yao kulitoa kwa sauti. Mke atamshukuruje mume anayempiga, anayemaliza fedha za mgao kwa pombe na wanawake wengine, kisha anarudi nyumbani kuuguzwa? Hatakiwi kumshukuru kwa hayo. Shukrani hujengwa juu ya mema yaliyotendeka kweli, na kumlazimisha mtu ashukuru kwa jeraha ni kumfundisha uongo. Kuacha kuuliza nani alileta virusi hakuna maana ya kukubali ulaghai uendelee. Mwenye kutaka kuijenga upya nyumba yake anapimwa, anatumia dawa, anaacha mwenendo uliowaumiza wengine, na anayekataa hayo amekwisha kuiacha ndoa kabla hajatoka mlangoni. Mke aliye hatarini ana haki ya kuondoka akiwa na imani yake yote, na wachungaji, masheikh na wazee wa ukoo wanaomrudisha kwenye kipigo kwa jina la uvumilivu wanaikosea dini wanayoisemea. Nataka tu isisahaulike kwamba mzigo wa kuuguza katika ukanda huu, kama katika nchi nzima, umebebwa zaidi na wanawake. Shukrani ya kwanza inayodaiwa, basi, ni ya wanaume kwa wake zao, nayo ilipwe kwa kazi: kuchota maji, kupika uji, kukaa kwenye foleni ya kliniki.

Kutokana na hoja hizi zote nafikia hukumu moja. Ugonjwa wa mmoja katika ndoa ni ugonjwa wa wawili, na swali la nani aliuleta halijawahi kumponya hata mmoja wao. Kwa hiyo, wewe mume na wewe mke mnaosoma sura hii, nawasihi mwende mkapimwe pamoja, siku moja, na majibu myapokee mkiwa mmekaa upande mmoja wa meza. Kikohozi kikizidi wiki mbili, pelekeni makohozi hospitali kabla ya kupeleka fedha kwa mganga. Kila jioni, kabla ya sala, kila mmoja amtajie mwenzake jambo moja alilotendewa siku hiyo, kwa jina lake, hata likiwa dogo. Na mtu yeyote, awe mganga, nabii au ndugu wa damu, akiwaambia kwamba anamjua aliyewaletea ugonjwa, msimkaribishe ndani.